Simu Niliyopiga Bugarama

Wenzangu,

Kila nikikaa nanyi kwenye kahawa mnaniuliza harusi ya Muyinga ilikuwaje, nami nawapa vipande vya kuchekesha: ndagala walionuka garini, kabichi zilizoingizwa dirishani, dada yangu aliyetokwa na jasho kwenye baridi ya mlimani. Mnacheka, namaliza kikombe changu, naondoka. Juzi mmoja wenu aliuliza mbele ya watu kwa nini fundi Ramadhani haonekani tena gereji. Mimi nilikuwa natazama kahawa yangu. Maswali hayo mawili yana jibu moja. Nimeamua kuliandika, maana kwa mdomo nitaruka tena pale pale ninaporuka siku zote.

Buyenzi hadi Mutakura

Mnalijua gari langu. Ni lile lile nililoendeshea teksi miaka ya mwisho kabla ya kupumzika, na bado lina alama mlangoni pale kibao cha teksi kilipobanduliwa. Safari ilikuwa ya dada yangu mkubwa, Zuhura. Mjukuu wake Amina, ambaye amemlea tangu akiwa na miaka miwili, alikuwa anaolewa Muyinga Jumamosi ile baada ya alasiri. Zuhura ndiye aliyetakiwa kumvika na kukaa naye chumbani wakati wazee wanakuja kumuuliza kama amekubali. Kwa hiyo tulipanga kutoka alfajiri, tufike kabla ya adhuhuri.

Wiki ile Ramadhani alikaa na gari siku mbili nzima. Alibadilisha pompo ya maji, akasafisha radiateri, akaweka mipira mipya ya maji, akasema hiyo ndiyo zawadi yake ya harusi. Mimi na yeye tulisoma chuo kimoja cha Kurani, tukachapwa kwa fimbo moja. Mnajua pia habari ya macho yake. Tangu mwaka jana alikuwa akipapasa bolti kwa vidole kabla ya kutia spana, na akitaka kusoma kitu kidogo anakisogeza mpaka kiguse pua. Gereji nzima iliona na hakuna aliyesema. Mmoja alimsogezea taa, mwingine alimsomea namba kwa sauti kana kwamba anajisomea mwenyewe. Heshima yetu kwake ilikuwa hiyo, na yeye aliipokea bila neno.

Tulianza safari baada ya swala ya alfajiri. Zuhura alikuwa amekaa nyuma na sambusa kwenye mapaja, buibui mpya, hina mpaka kwenye viwiko. Kwanza tulipita mtaa wa Mutakura kumchukua mfanyabiashara mmoja aliyejuana na dada sokoni, Mama Furaha, Mkongomani wa Uvira anayeuza vitenge. Alikuwa anakwenda soko la Ngozi. Nilikuwa nimeambiwa ana kafurushi kamoja.

Tulimngoja muda mrefu. Alipotokea alikuwa nyuma ya vijana wawili waliobeba balo la vitenge kubwa kama ndama.

"Mama, dada alisema kafurushi kadogo," nikamwambia.

"Si ndiyo haka, papa? Kakubwa kamebakia kwa nyumba."

Tukalifunga juu ya gari kwa kamba. Mkononi alikuwa na mfuko mwingine, wa ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, ambao hakutaka uwekwe juu upigwe na jua. Akakaa mbele pamoja nao. Tulipoiacha Mutakura saa moja ilikuwa imeshapita.

Kuupanda mlima

Mjini gari lilikwenda bila neno. Tulipoanza kupanda barabara ya Bugarama, kona juu ya kona, mshale wa joto ukanyanyuka. Nilidhani ni balo. Nikapunguza mwendo, nikaweka gia ndogo, mshale ukazidi. Mvuke ukaanza kutoka pembeni mwa boneti.

Nikasimama kando, nikafungua boneti, tukangoja. Waendesha baiskeli waliojishikiza nyuma ya malori walitupita wakipanda bila kukanyaga pedeli. Mmoja akatupigia kelele, "Mwihangane!" yaani poleni, akapotea kwenye kona.

Maji yalikuwa yamepungua. Nikaenda kwenye nyumba iliyokuwa juu kidogo ya barabara, nikamwomba mama mmoja maji kwa Kirundi changu cha mjini: "Amazi." Akaingia ndani, akakaa, akatoka na kikombe kilichofunikwa kisahani, akanipa kwa mikono miwili. Nilimshukuru, nikashuka nacho, nikakimimina kwenye radiateri. Nilipogeuka alikuwa amenifuata hadi barabarani. Alitazama kikombe, akatazama gari. Yalikuwa maji ya kunywa, aliyoyachemsha, na alidhani nina kiu.

Zuhura ndiye aliyeshuka akamwomba radhi kwa Kirundi safi, akampa sambusa mbili. Yule mama akacheka, akaenda kutuletea bidoni nzima ya maji ya mtoni. Mimi niliendelea kuinamia injini, mgongo nimewapa. Siku ile nilikuwa mgumu hivyo tangu asubuhi.

Tulisimama mara nne kabla ya kufika juu. Baada ya mara ya pili nilitumia ujanja wa madereva wa zamani: nilifungua hita mpaka mwisho ili joto la injini liingie ndani ya gari. Mshale ulishuka kidogo, lakini sisi tukawa tunachemka. Ndagala wakaamka. Zuhura alifungua dirisha, ubaridi wa mlimani ukamwingia kwenye jasho, akaanza kupiga chafya.

"Issa, tutafika Amina akiwa na wajukuu," akasema. Alikuwa bado anatania.

Bugarama

Bugarama tulifika saa tano, mahali ambapo siku nyingine tungekuwa tumepapita saa mbili. Kuna baridi pale, na wauza mboga wamepanga karoti, kabichi na viazi kando ya barabara. Gari likisimama wanajua limekuja kununua. Kabla sijazima injini kabichi mbili zilikuwa zimeshaingia dirishani zikatua kwenye mapaja ya Zuhura, juu ya hina. Mvuke ulipotoka wakarudi nyuma wakipiga kelele, kisha wakasogea tena kutazama. Na madereva wa malori waliokuwa wanakula mahindi ya kuchoma wakaja nao.

Mtu aliyeendesha miaka thelathini hapendi kutazamwa hivyo. Mmoja wa madereva akasema, "Muzee, joint ya culasse imekufa hiyo," maana yake ile gasketi inayokaa kati ya injini na kichwa chake imeungua, na injini nzima ifunguliwe. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Nikaona harusi inapita, nikaona gari langu linavutwa kwa kamba kurudi mjini. Nikatoa simu, nikampigia Ramadhani. Niliiweka sauti ya nje ili niisogeze kwenye injini asikie mlio.

"Aloo, Issa. Mumefika?"

"Tumefika wapi? Tuko Bugarama, motere inachemka kama chungu cha maharagwe!"

"Tulia. Moshi wa nyuma ni mweupe?"

"Apana."

"Maji yanavuja kwa pompo?"

"Sioni yakivuja."

"Vantilateri inazunguka?"

Nikatazama feni. Ilikuwa inazunguka. "Inazunguka."

Nyuma yake nilisikia nyundo ya gereji ikigonga bati. Kisha akauliza taratibu, kama daktari anayejua anachokitafuta: "Issa, kuna kitu uligusa kule mbele toka nilipokupa gari?"

Nilikuwa nimegusa. Alhamisi jioni, nikiingiza gari uani, niligonga nguzo ya lango. Haikuwa kishindo kikubwa, lakini plagi ya nyaya za feni ilipasuka. Niliona haya kumrudia mtu aliyenifanyia kazi ya bure siku moja kabla, nimwambie nimeshaharibu. Nikaikata ile plagi kwa kisu, nikasokota nyaya mbili nilivyoona inafaa, nikazifunga kwa utepe mweusi. Feni ikazunguka, nikajipongeza. Nilikumbuka yote hayo pale pale, simu ikiwa mkononi.

"Sikugusa kitu," nikasema.

"Hakika? Fikiria vizuri."

Alivyosema "fikiria vizuri" mbele ya wale madereva, na mimi nikijua nimedanganya, kitu kikanipanda kichwani. Nitayaandika maneno kama nilivyoyasema, maana mkiyasikia kwa mtu mwingine yatakuwa yamepunguzwa.

"Nifikirie nini? Rama, we huoni! Kila mutu wa Buyenzi anajua huoni, wanakuficha tu. Umefunga pompo kwa kupapasa, ukatupakia ndani na bibi harusi anangoja. Acha kazi ya watu, ukae nyumbani!"

Nyundo iliyokuwa inagonga nyuma yake ikasimama.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba naye alikuwa ameiweka simu sauti ya nje, kwa sababu ya grisi mikononi, na kwamba gereji nzima imenisikia. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kuliko ile ya mwanzo, "Sawa, Issa. Mufike salama." Simu ikakatika.

Madereva wakarudi kwenye mahindi yao. Zuhura alikuwa ameshika kabichi, moja kila mkono, amesahau kuzirudisha.

"Mpigie tena," akaniambia.

"Gari litengenezwe kwanza."

"Issa. Mpigie sasa hivi."

Sikumpigia. Nilikwenda kumtafuta fundi.

Fundi wa pale alikuwa mtu mpole mwenye kofia ya sufu, na nampa haki yake: alifanya kazi kwa utaratibu. Alichomoa kijiti cha oili, akakitazama: oili ilikuwa safi, haikuchanganyika na maji. Alitazama radiateri injini ikiunguruma, hakuona mapovu. Akasema gasketi waliyoisema wale madereva ni nzima. Akachomoa termostati, kile kifaa kinachoruhusu maji kupita yakishapata moto, akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji yaliyokuwa jikoni kwa muuza chai. Tukaikodolea macho. Ikafunguka vizuri kabisa.

Mwisho akapitisha kidole kuizunguka pompo ya maji, polepole, bolti moja baada ya nyingine.

"Nani alifunga hii?"

"Fundi mmoja wa Buyenzi."

"Anajua kazi huyo."

Zuhura alinitazama. Nikajifanya natafuta kitambaa cha kufutia mikono. Kuhusu feni, yule fundi naye aliitazama, akaona inazunguka, akaendelea na mengine. Sote tulikuwa tumeiona inazunguka, hatukuona zaidi ya hapo. Saa saba na nusu alifunga kila kitu kama kilivyokuwa, akasema, "Endeni polepole, simuoni mugonjwa."

Bugarama hadi Kayanza

Barabara ile inapanda na kushuka, mashamba ya chai upande mmoja, miti ya msitu kwa mbali. Kwenye miteremko gari lilikimbia na mshale ukashuka mpaka chini, nami nikaanza kupumua. Kwenye kilima cha kwanza ukapanda tena.

Mama Furaha alikuwa akiutazama mshale tangu Bugarama. Balo lake lilikuwa linakosa soko, hakulalamika hata mara moja. Sasa akasema:

"Papa, minaona kitu. Gari ikikimbia, mushale unashuka. Ikitambaa, unapanda. Maji ni yale yale. Sasa ni nini inabadilika?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, baada ya lile la Ramadhani. Nikamjibu, "Mama, nimeendesha gari miaka thelathini."

"Sawa papa. Nimeuliza tu."

Karibu na Matongo mvuke ukatoka tena. Nikasimama, nikaacha injini inaunguruma ili feni iendelee kupoza. Nilikaa kwenye jiwe, nimechoka, mikono myeusi. Zuhura alishuka akasali adhuhuri kwenye nyasi, na nilijua kwamba alasiri nayo itatukuta njiani.

Mama Furaha alichomoa kitenge kikuukuu kwenye mfuko wake, akakilowesha kwa maji ya bidoni, akaenda mbele ya gari kukibandika kwenye wavu, aipoze radiateri kwa nje. Kitenge hakikukaa. Alikibandika, kikamrudia. Alikibandika tena kwa mikono miwili, kikavimba kama tumbo, kikampiga usoni. Akaanza kucheka.

"Papa, njo uone! Inanisukuma!"

"Ni upepo wa mlimani, mama."

"Apana. Upepo wa mulima unatoka kule." Akanyosha mkono upande mwingine. Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Bwana yangu, Mungu amurehemu, alikuwa na kamiyo ya kubeba mizigo, inatoka Uvira inapanda Ngomo mpaka Bukavu. Ikipata moto alikuwa ananituma niweke karatasi hapa mbele. Karatasi ikishikwa, alisema iko muzuri. Ile yake ilikuwa inavuta. Hii yako inatema."

Nilisimama. Nikachukua karatasi iliyofungia sambusa, nikaisogeza kwenye wavu. Feni iliyo nyuma ya radiateri inatakiwa kuvuta hewa ya mbele ipite katikati yake. Karatasi ingepaswa kunata. Iliruka ikaanguka barabarani.

Nilijua kabla sijainama kutazama. Nyaya mbili zilikuwa zimefungwa kwa utepe wangu mweusi. Nilikuwa nimeziunganisha kinyume, na feni ilikuwa inazunguka kwa kurudi nyuma. Gari likikimbia, upepo wa njia uliishinda nguvu na maji yakapoa. Likitambaa mlimani, feni yangu ilikuwa inapigana na hewa. Pompo ilikuwa nzima. Radiateri ilikuwa safi. Kazi ya Ramadhani haikuwa na doa.

Nilizima injini, nikakata utepe kwa kisu kile kile, nikabadilisha nyaya, nikafunga. Hazikufika dakika kumi. Nilipowasha tena, Mama Furaha alisogeza karatasi nyingine, ikanata kwenye wavu ikatulia. Mshale ulishuka tukiwa tunautazama.

"Aksanti Yesu!" akasema, akapiga makofi.

Zuhura hakupiga makofi. Alikuwa amesikia lile swali la Bugarama, na jibu langu, na sasa alikuwa ameona utepe.

"Uligusa," akasema.

"Niligusa."

"Basi, simu hiyo hapo."

Mtandao ulikuwepo. Nilifungua jina lake, nikalitazama. Nilifikiria nyundo ile iliyosimama. Nilifikiria kwamba atapokea na mikono yenye grisi, na wote watakuwa wananisikia tena, safari hii nikisema nimedanganya. Nikairudisha simu mfukoni.

"Nitamwambia uso kwa uso, nikirudi. Jambo kama hili halisemwi kwa simu."

"Lile la asubuhi ulilisemea wapi?" akauliza Zuhura. Akaingia garini, akafunga mlango.

Ngozi na Muyinga

Kayanza tulipita saa kumi. Tulikula maharagwe na ndizi kwenye hoteli ndogo, tumesimama, haraka, na sikumbuki ladha yake. Gari lilikuwa linakwenda kama siku lilipokuwa jipya. Kila kilima lilichopanda bila shida kilinifanya niwe mdogo kwenye kiti changu.

Ngozi wauzaji walikuwa wameanza kukunja turubai zao. Nilimsaidia Mama Furaha kushusha balo, nikamwambia nisamehe, nimekupotezea soko.

"Soko iko kila juma," akasema. Kisha akanishika mkono. "Papa, ule fundi wako, unisalimie yeye. Ni mutu wa heshima. Ulimutukana, yeye akakuombea ufike salama."

Muyinga tuliingia jua linazama. Mahema yalikuwa bado yamesimama, lakini vijana walikuwa wanabeba viti, na akina mama wanasugua masufuria. Walikuwa wamengoja mpaka shehe akasema hawezi kungoja zaidi. Amina alikuwa amevikwa na shangazi wa mumewe. Alipoulizwa kama amekubali, walituambia, alitazama mlangoni kwanza, ndipo akajibu.

Alikuja mbio na nguo zake zote za harusi, akapiga magoti, akaweka kichwa kwenye mapaja ya bibi yake pale pale garini, kabla Zuhura hajashuka. Dada hakulia. Alimpangusa bega, akasema, "Umependeza, mama. Nani amekufunga hivi? Amekufunga vizuri." Nilizunguka nyuma ya gari nikajifanya natafuta mizigo.

Tulikaa siku tatu. Watu waliniuliza kilichotuchelewesha, nikawapa ndagala na kabichi, wakacheka sana. Huko ndiko nilikojifunza kuisimulia safari hii bila simu ndani yake. Zuhura alikuwa akinisikia kutoka upande wa wanawake. Simu ilikuwa mfukoni mwangu Jumamosi, Jumapili, Jumatatu.

Kurudi Buyenzi

Njia ya kurudi haikuwa na kisa. Jumanne adhuhuri nilimshusha dada kwake, nikaenda moja kwa moja gereji. Mahali pa Ramadhani, pale kwenye ukuta alipokuwa akitundika mipira ya zamani, kijana mmoja wa kuchomelea alikuwa ameweka mitungi yake ya gesi. Mafundi waliniitikia salamu bila kuinua vichwa. Nikauliza yuko wapi.

"Muzee aliacha," mmoja akasema. "Jumapili alikuja, akagawa spana zake. Mi alinipa funguo za bolti." Akanionyesha. Hakunionyesha kwa hasira. Ningependa ingekuwa hasira.

Nyumbani kwake mkewe, Mama Shabani, alinifungulia. Ni shemeji ambaye amenipa chakula tangu tukiwa vijana. Alinikaribisha ndani, kisha, kabla mumewe hajatoka chumbani, akaniambia kwa sauti ndogo:

"Jumamosi nzima aliweka simu hapa, kwa goti. Hata kula alikula nayo. Akasema, Issa akishaona tatizo atapiga. Ilivyofika isha hukupiga, akasema basi. Akasema, kumbe Issa alikuwa amefikiria kweli, haikuwa hasira tu."

Saa tisa na nusu ya Jumamosi nilikuwa nimesimama Matongo, jina la Ramadhani limefunguka kwenye kioo cha simu yangu.

Ramadhani akatoka. Tukasalimiana kwa mikono miwili kama siku zote. Nikamwambia yote, lango, plagi, utepe, uongo. Alisikiliza ameinamisha kichwa, na nilipofika kwenye nyaya akatikisa kichwa taratibu.

"Nilijua ni vantilateri," akasema. "Ndiyo maana nilikuuliza. Ningekwambia uweke karatasi."

"Rama, rudi gereji. Nitasimama mbele ya kila mutu niseme mi ndiye nimekosa."

"We sema ukitaka, ni vizuri kwako. Mi nimekusamehe toka juzi, wallahi. Lakini Issa, macho uliyasema kweli. Siyaoni maandishi tena. Nilikuwa najua siku inakuja. Nilikuwa nataka niiseme mwenyewe, siku moja, nikishafunga gari ya mwisho. Niwaite wote, tunywe chai, niseme sasa basi." Akafuta vidole kwenye shati kama vile bado vina grisi. "Hiyo ndiyo uliyonichukulia."

Mkewe alileta kahawa. Tulikunywa. Alinitania kuhusu Muyinga, akauliza habari za Amina, akacheka kusikia kabichi. Yeyote angeingia angedhani hakuna kitu.

Nilikwenda gereji jioni ile nikasema mbele yao nilichosema. Walisikiliza. Mmoja akasema, "Sawa, muzee," na nyundo zikaendelea.

Ndiyo hivyo, wenzangu. Siku hizi magharibi ikikaribia napita kwake twende msikitini pamoja. Hajakataa hata siku moja, na tunaongea njia nzima. Jana mvua ilikuwa imenyesha na mfereji wa mbele ya nyumba yake umejaa maji, umelingana na barabara, hata mimi niliuona kwa shida. Juzi nilikuwa nimemwona akivushwa pale na mtoto wa jirani, amemshika bega. Nikanyosha mkono wangu, nikamwambia, "Shika, Rama, kuna mfereji."

"Naona, Issa," akasema.

Akasimama, akautafuta ukingo kwa ncha ya kiatu, mara ya kwanza, mara ya pili. Akavuka peke yake. Mimi nilibaki upande huu na mkono bado umenyoshwa, mpaka akaniita kutoka ng'ambo kwamba tunachelewa swala.